Taya Namba Saba na Maziwa ya Ufukoni

Desemba 8, Jumatatu

Mtihani wa kidato cha nne uliisha Ijumaa. Leo Jumatatu Baba ameshanitafutia kazi, kana kwamba nilimwomba.

Ilikuwa hivi. Baba ni afisa mifugo. Watu humwita Bwana Mifugo hata kanisani. Wiki iliyopita alimjia ofisini mtafiti wa mambo ya kale, Dokta Warda, mzaliwa wa Mikindani anayefundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Aliuliza ng'ombe walianza kufika lini pwani hii. Baba akalijibu swali hilo kwa saa mbili. Mwishoni Dokta akasema anachimba kiwanja kimoja njia ya Msimbati, na anatafuta mtu wa kuandika daftari la kazi kwa Kiingereza na kuwaeleza wachimbaji kwa Kiswahili. Baba akasema, "Ninaye nyumbani. Hasemi, lakini anaandika."

Hasemi, lakini anaandika. Alinisimulia huku akicheka, wala hakuona kwamba imenichoma. Lakini ni kweli. Nimesomeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili tangu darasa la kwanza, kwa hiyo nina lugha mbili za kunyamazia. Darasani nilikuwa najua jibu na kulimeza. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Humu hakuna anayenitazama mdomoni.

Desemba 9

Gari la mradi halikuja. Nimekamua, nimefua, nimelala.

Desemba 10

Kiwanja ni cha Bi Mwanakombo, mjane anayejenga nyumba ya vyumba vitatu karibu na mikoko. Alimwita fundi Isihaka amchimbie shimo la choo. Isihaka alipofika kiunoni akakuta jaa la makombe ya chaza, na chini ya makombe akakuta kichwa cha mtu. Sasa wamepatikana watu kumi na mmoja. Dokta anakadiria wana miaka elfu moja na mia tano. Chokaa ya makombe ndiyo iliyowatunza. Kwenye udongo mtupu wangeshaoza.

Isihaka aliajiriwa palepale. "Nilikuja kuchimba choo kwa sululu," ananiambia, "sasa nachimba kwa kijiko cha chai. Fundi mzima!"

Bi Mwanakombo anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatusimamia. "Wajukuu zangu, mimi siwafukuzi. Lakini nataka kujua mambo mawili. Choo changu lini, na hawa watu mtawarudisha lini? Mimi sijengi choo juu ya mtu, na silali na mtu aliyetolewa akaachwa nje."

Dokta akamwahidi kwamba mvua zikiisha watazikwa upya, pembeni ya kiwanja. Dokta ni mwanamke mfupi, anavaa kofia ya ukindu juu ya mtandio, na husema taratibu kama mtu anayehesabu vidonge. Mwanafunzi wake, Fahad, ni kinyume chake. Huyo mdomo haufungi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafsiri sheria za uchimbaji ili zibandikwe kwenye mti. Zipo sita. Ya nne niliiandika hivi: "Usile, usinywe wala usijipake kitu chochote chenye maziwa kabla ya kuja kazini. Usishike jino au taya bila glavu." Dokta akaisoma mara mbili, akasema, "Kiswahili kizuri." Nikatazama chini mpaka alipoondoka.

Desemba 13

Manyunyu. Kiwele cha Malkia, ng'ombe wetu, kimevimba upande mmoja, anarusha teke.

Desemba 15

Leo nimeelewa wanachotafuta, na nataka kukiandika kabla hakijanitoka.

Zamani watu hawakuwa na dawa ya meno. Ukoga ukikaa kwenye jino unakuwa jiwe. Ndani ya jiwe hilo vinanaswa vipande vidogo vya kila kilichopita mdomoni, na vingine ni protini zinazoweza kudumu maelfu ya miaka. Maziwa yana protini moja ambayo haipo kwenye nyama wala kwenye damu. Ukikuta mfupa wa ng'ombe jaani, unajua tu kwamba watu walimchinja. Ukikuta protini ile kwenye ukoga wa jino, unajua kwamba kuna mtu alikaa akamkamua, na mwingine akanywa. Tena kila mnyama ana yake. Ya ng'ombe hutofautiana kidogo na ya mbuzi.

"Kaskazini tunajua wafugaji walikunywa maziwa tangu zamani sana," Dokta alisema. "Lakini huku kwetu, karibu na mdomo wa Ruvuma? Hakuna aliyewahi kuuliza. Wote wanasema huku ni mbung'o na samaki basi."

Isihaka akaweka mwiko wake chini. "Dokta, usihangaike. Nunusa tu huyu binti. Tangu asubuhi hapa pananukia mtindi."

Wote wakacheka. Mimi ndiye ninayemkamua Malkia kila alfajiri, tangu Mama aende Mbulu kumuuguza Bibi. Kuanzia leo naitwa Bibi Maziwa. Nilicheka pia, kidogo. Sikuwahi kupewa jina la utani na watu wazima.

Desemba 16

Mvua kubwa usiku kucha. Shimo la pili limejaa maji. Tulichota kwa ndoo hadi adhuhuri.

Desemba 19

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi bomba lilikuwa halitoi maji. Malkia ana nyufa kwenye chuchu, hivyo nilijipaka siagi nyingi viganjani, ile ya kienyeji ambayo Mama huitunza kwenye kopo la bati. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mkono mkavu unamuumiza ng'ombe. Nilipomaliza gari lilikuwa linapiga honi. Nilijifuta kwenye khanga nikakimbia. Nilijiambia nitavaa glavu, kwa hiyo haina neno.

Saa nane mchana wingu lilikuja kutoka baharini, jeusi kama masizi ya sufuria. Dokta na Isihaka walikuwa shimo la kwanza wakivuta turubai. Fahad alikuwa kwenye gari. Mimi nilikuwa peke yangu shimo la tatu na taya namba saba, taya la mwanamke wa miaka kama arobaini, ambalo tangu juzi tulikuwa tunalitoa polepole ukutani. Ndilo lenye ukoga mnene kuliko yote, wa rangi ya kahawia, kama nta iliyoganda.

Ukuta ukaanza kuteremka. Niliita, lakini sauti yangu ni hiyohiyo siku zote, haikufika popote. Nilishika taya kwa glavu na glavu zikateleza, zilikuwa tope tupu. Nikashika tena, likateleza tena, nikaona kipande cha ukuta kikidondoka karibu na kidevu chake.

Nikavua glavu ya kulia kwa meno. Nikaingiza vidole nyuma ya taya na dole gumba juu ya meno, nikavuta. Likatoka lote, zima. Nililikumbatia kifuani nikapanda ngazi, na ukuta ukaanguka nyuma yangu.

Dokta alinikuta chini ya turubai nimeloa chapachapa. Wakati huo nilikuwa nimeshaliweka taya ndani ya foili na kuvaa glavu nyingine. Aliangalia taya, akaniangalia mimi, akanivuta kichwa akakibusu. Isihaka akapiga vigelegele kama mwanamke harusini. "Bibi Maziwa kaokoa mtu!"

Sikusema.

Desemba 20

Fahad ameandika kwenye kundi la simu la mradi: "Shujaa wa msimu." Akaweka na picha yangu nimefumba macho. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Najiambia mvua iliniosha. Najiambia ilikuwa dakika moja.

Desemba 22

Leo tumefunga sampuli za kupelekwa maabara ng'ambo, meno kumi na moja. Mimi ndiye niliyeandika lebo. Kwenye fomu kuna mstari usemao: "Jambo lolote lisilo la kawaida wakati wa kutoa?" Kwa namba saba niliandika: "Mvua." Kalamu ilibaki juu ya karatasi kidogo baada ya hapo. Dokta alikuwa meta moja kutoka kwangu, anakata utepe wa gundi kwa meno, na alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Ningeweza kusema pale. Ilikuwa siku rahisi kuliko zote.

Desemba 25

Krismasi. Pilau la watu wawili. Mama alipiga simu, Bibi anakula uji sasa.

Januari 7

Uchimbaji umesimama kwa sababu ya mvua. Naenda kila siku stoo ya mradi, chumba cha kupanga hapahapa mtaani kwetu Ufukoni, kupanga vigae vya vyungu. Isihaka naye huja. Ananifundisha kutofautisha kigae cha chungu cha maji na cha kupikia kwa kukigonga ukucha. Nilidhani ni mtu wa mizaha tu. Kumbe akiwa peke yake na kazi hasemi hata neno, na hachoki. Tulikaa saa tatu kimya na ilikuwa raha.

Januari 15

Mvua.

Januari 16

Mvua. Mbolea ya zizi imeingia uani kwa jirani, Baba ameenda kuomba radhi akarudi baada ya kuhutubia juu ya biogesi.

Januari 24

Nitaandika kuhusu Baba, maana jana nimemwona vingine.

Tuko Mtwara mwaka wa kumi tangu tulipotoka Mbulu. Siku zote nimemwona kama mtu anayeongea sana. Akikutana na mtu yeyote, dakika ya pili ameshafika kwenye faida za maziwa. Watu wanamwitikia "ndiyo, Bwana Mifugo," halafu wanaenda zao. Jana nilienda naye Nanyamba kwenye mkutano wa wakulima. Aliandaa chati nne, kazichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Wakulima walisikiliza kwa adabu. Mmoja akasimama, akasema, "Bwana Mifugo, sisi ni watu wa korosho. Maziwa ni mambo ya kwenu huko. Hapa hayajawahi kuwa chakula." Hakusema kwa ubaya. Watu wakapiga makofi.

Njiani kurudi Baba hakuongea. Nilitamani aongee.

Januari 31

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Daraja la kwanza. Baba alipiga magoti sebuleni akasali kwa Kiiraqw. Isihaka aliniletea kuku hai, kafungwa miguu kwa kamba ya mkonge. "Huyu hana maziwa," akasema, "usimkamue."

Februari 9

Kuku amekimbia. Isihaka haambiwi.

Februari 21, Jumamosi

Mfungo wa Ramadhani umeanza juzi. Niliwakuta Dokta na Fahad stoo, wamekaa mbele ya kompyuta, na Fahad, ambaye kwa njaa hufunga mdomo mchana, alikuwa anarukaruka.

Matokeo ya awali yamekuja. Katika meno kumi na moja, kumi hayana kitu. Namba saba ina protini ya maziwa. Ya ng'ombe.

Dokta hakuruka. Alivua miwani, akaipangusa na ncha ya mtandio, akaivaa, akasoma tena. "Maabara wanasema tusubiri, watarudia kipimo," alisema. "Lakini ipo." Kisha akanigeukia. "Yustina. Ni lile lako."

Nilisema nini? Nilisema, "Hongera, Dokta." Kisha nikatoka kwenda msalani, nikafungua bomba, nikanawa mikono. Nikanawa tena.

Februari 22

Fahad alimpigia Baba simu jana jioni. Leo baada ya ibada Baba alisimama kwenye matangazo. Mchungaji alimpa dakika mbili, akatumia kumi na moja. "Ndugu zangu, mimi sikuwaletea jambo geni! Mwanamke wa hapahapa, miaka elfu na mia tano iliyopita, alikunywa maziwa ya ng'ombe, na aliyemtoa ardhini kwa mikono yake ni binti yangu!"

Kwa mikono yake. Watu waligeuka kunitazama. Nilishika kitabu cha nyimbo kwa namna ambayo jalada limekunjika.

Februari 27

Baba amepeleka kibao chetu cha getini kwa fundi rangi. Kilikuwa kimeandikwa MAZIWA YANAUZWA. Sasa chini yake pameandikwa: MTWARA YALIKUWEPO TANGU KALE.

Machi 2

Baba ameacha kula haraka. Anaimba akipeleka majani zizini. Jana walikuja wakulima wawili kutoka Nanyamba kumwuliza kuhusu ndama, wenyewe, bila kuitwa. Alipowasindikiza getini aliwaonyesha kibao.

Naandika hapa kile nisichoweza kumwambia mtu. Nadhani maziwa yale ni ya Malkia. Sina hakika. Labda mvua iliosha kweli. Labda yule mama alikunywa. Lakini katika watu kumi na mmoja, mmoja tu ndiye mwenye maziwa, na ndiye huyo mmoja niliyemshika. Nimelipindua kila upande na linabaki hivyohivyo.

Nikisema, Dokta anapoteza jambo alilolitafuta. Baba anapoteza wimbo wake wa zizini. Nami nitakuwa mtu aliyetafsiri sheria ya nne kwa Kiswahili kizuri na kuivunja.

Nisiposema, itaandikwa. Watu wataisoma shuleni.

Machi 5

Dokta ameombwa muhtasari wa utafiti wake kwa ajili ya mkutano wa watafiti, mwisho tarehe kumi. Ameniomba niupitie Kiingereza chake. Sentensi ya kwanza: "Tunawasilisha ushahidi wa awali wa unywaji wa maziwa karibu na mlango wa Ruvuma." Hakuna kosa la lugha.

Machi 7, Jumamosi

Nimesema.

Kwanza niliandika. Ukurasa mmoja, pande mbili. Nilienda stoo saa tisa alasiri, nikamkuta peke yake amelaza kichwa mezani, mfungo umemchosha. Nikamsogezea karatasi.

"Nini hii?"

Nikaisogeza karibu zaidi.

"Sina miwani, mdogo wangu. Nisomee."

Miwani ilikuwa juu ya kichwa chake. Nilitaka kumwonyesha, nikashindwa hata hilo. Nikasoma. Nilianza kwa sauti ya kawaida yangu, akasema, "Siisikii." Nikaanza upya. Siagi, bomba, honi, ukuta, glavu kwa meno, dole gumba. Nilipofika kwenye neno "Mvua" nililoandika kwenye fomu, sauti ilikatika, nikasubiri, nikamalizia.

Nje jirani alikuwa anatwanga.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Dole gumba lilikaa juu ya meno yapi?"

Nikamwonyesha kwenye mdomo wangu. Akavuta daftari, akaandika. Akauliza nilijipaka siagi kiasi gani, nilivaa khanga ipi, nilishika kwa muda gani. Yote aliyaandika, kwa mwandiko uleule wa taratibu. Kisha akaweka kalamu.

"Kwa nini hukusema siku ileile? Ningelitenga tu. Lisingekuwa tatizo hata kidogo."

"Mlikuwa mnanisifu."

Akacheka pumzi moja, bila furaha. "Mimi nilikubusu kichwa," alisema. "Basi nami nimo." Akasimama akaenda dirishani. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, na alisema kwa upole ambao ningependa ungekuwa ukali: "Nilishampigia mama yangu simu, Mikindani. Nilimwambia tumepata."

Kisha kazi. Protini ya kale huwa imechakaa, alisema, na ya juzi bado nzima; vipimo vya kwanza havikutosha kutofautisha. Watakwangua ukoga wa ndani, ambao kidole hakikufika. Lakini wanahitaji vya kulinganisha: siagi ile, maziwa ya Malkia, na kipande cha ile khanga.

"Na baba yako mwambie mwenyewe," alisema. "Siwezi kuchukua maziwa ya mtu bila kumwambia ya nini."

Machi 8

Nilimwambia Baba zizini, wakati wa kukamua, kwa sababu pale hunipa mgongo. Nilisema yote. Malkia aliendelea kula. Baba hakugeuka. Akasema, "Jaza chupa ya Dokta kwanza." Nikajaza. Akaipokea, akaifunga vizuri, akaipangusa nje na shati lake, akaingia ndani.

Hakwenda kanisani.

Machi 9

Dokta ameamua kutotuma muhtasari.

Machi 10

Baba hasemi. Nimeishi miaka kumi na saba nikitamani nyumba iwe kimya, na sasa imekuwa, na siitaki.

Machi 11

Hasemi. Mvua.

Machi 12

Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta Baba getini na kopo la rangi nyeupe. Anafuta mstari wa pili wa kibao. Rangi ilikuwa nyepesi, maneno yanaonekana bado, akapaka mara ya pili, ya tatu. Nilisimama kumshikia kopo. Akasema, "Ungeniambia mimi kwanza, ningekukataza usiseme." Akaendelea kupaka. "Ndiyo maana nashukuru hukuniambia mimi kwanza."

Hayo tu. Halafu akaniuliza kama vitunguu vimepanda bei.

Machi 16

Isihaka amejua, kutoka kwa Fahad. Nilidhani atanitania nife. Aliniletea kigae akaniuliza ni cha maji au cha kupikia. Nikagonga ukucha. "Cha maji." "Haya," akasema, "kazi iendelee."

Machi 21

Idd ilikuwa jana. Dokta alitualika Mikindani kwa mama yake, mimi na Baba. Sikutaka kwenda. Mama yake ni mzee mnene mwenye sauti kubwa, akanishika kidevu: "Ndiye huyu aliyekunyima maziwa?" Dokta akasema, "Ndiye huyu aliyeniepusha na aibu, Mama." Nikapewa sahani ya mikate ya kumimina peke yangu. Baba aliongea kidogo, kuhusu mbuzi.

Machi 28

Majibu ya pili.

Kwenye tabaka la nje la ukoga kuna maziwa, mapya kabisa, na yanalingana na ya kopo letu. Ndani hakuna maziwa. Ndani kuna protini za vijidudu vya kinywa na za mate yake mwenyewe.

Niliuliza, na niliuliza kwa sauti: "Kwa hiyo hakunywa?"

"Kwa hiyo hatukuyapata," alisema Dokta. "Si kitu kimoja. Labda hakunywa, labda yameoza yakaisha. Andika hivyo." Akarudi kwenye mstari wa mwisho wa majibu. "Mate yake, Yustina. Mate ya mwanamke huyu yako pale mpaka leo. Nilikuwa nimesahau kushangaa."

Kwenye ripoti nimeandika mimi mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: "Sampuli namba saba ilishikwa kwa mkono mtupu wenye siagi na mwandishi wa daftari hili." Nikaweka jina langu lote.

Aprili 4

Siku ya nne bila mvua. Udongo unatoa mvuke.

Aprili 8

Leo tumewarudisha.

Ni pembeni ya kiwanja, upande wa mikoko. Choo kimehamishiwa upande mwingine na Isihaka ameshakichimba, safari hii hakukuta mtu. Meno yote yamerudi kutoka maabara isipokuwa vipande vilivyosagwa. Walikuja majirani kama thelathini. Baba alikuja pia, amevaa koti la ibada, akasimama nyuma kabisa chini ya mkorosho, mahali ambapo kwa kawaida ningesimama mimi.

Tulikaa kimya kwanza, kila mtu na dini yake. Kisha Bi Mwanakombo akainuka kwenye ndoo yake.

"Dokta, kabla hamjafunika. Huku kijijini tumeambiwa alikunywa maziwa, tena tukaambiwa hakunywa. Mimi ndiye nitakayeishi naye hapa. Nataka kujua ni mtu wa namna gani. Alikunywa au hakunywa?"

Dokta alinigeukia. Akanitazama. Hakunisukuma, alinitazama tu, na nilijua kwamba nikiinamisha kichwa atajibu yeye na haitakuwa na ubaya wowote.

"Hatujui, Bi," nilisema.

"Sema usikike, mwanangu, sikio langu bovu."

"Hatujui! Maziwa yaliyoonekana ni ya kwetu nyumbani. Nilikuwa nimetoka kukamua, nikamshika kwa mkono bila glavu, halafu nikanyamaza miezi miwili na nusu. Ni kosa langu."

Nilisikia sauti yangu ikifika mpaka kwenye mkorosho. Mtoto mmoja alianza kucheka, akafinywa.

Ndipo Baba akaja mbele. Nilidhani ataanza chati zake. "Ng'ombe ni wangu," alisema. "Anaitwa Malkia. Ana miaka sita. Na mimi ndiye niliyetangaza kanisani kabla ya kupimwa vizuri, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuchekwa, nipo." Akasimama, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi.

Isihaka alikuwa ndani ya kaburi, anapokea sanduku la namba saba. Akainua kichwa. "Ngoja nielewe, Bwana Mifugo. Kwa hiyo huyu mama kakaa chini miaka elfu na mia tano, maziwa hajayaona, mpaka Yustina alipomletea?"

Baba alijaribu kujizuia. Nilimwona anavyojaribu. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho sikuwahi kukisikia mbele ya watu wa huku, akashika bega la mtu wa karibu ili asianguke, na mtu huyo, ambaye simjui, akamshikilia huku naye anacheka. Kiwanja kizima kikacheka. Hata Dokta, kofia ikamdondoka.

Bi Mwanakombo peke yake hakucheka. Alisogea ukingoni, akachungulia sanduku muda mrefu.

"Basi," alisema, "amerudi ameonja."

Akachota mchanga kiganjani, akanishika mkono wa kulia, akaumimina humo ili niwe wa kwanza.